Vidonge vya "mimea asilia": faida ya leo, deni la kesho

Katika biashara ya vidonge vya kupunguza unene na kuongeza nguvu, neno linalouza kuliko yote ni "asilia". Likiandikwa kwenye kopo pamoja na picha ya jani la kijani, mnunuzi huondoa shaka na muuzaji huona mambo ni shwari. Hata hivyo, yaliyotokea Marekani kwa muda wa miaka 30 iliyopita yanaonyesha kuwa neno hilo halijawahi kumlipia mtu deni. Mimea yenye nguvu ya kuchangamsha mwili, ikishakamuliwa na kufungwa ndani ya kidonge, imeua watu, imeyapeleka makampuni mahakamani na kuwaachia wenye maduka shehena isiyouzika.

Anayeweka bidhaa hizo kwenye rafu, sawa na anayenunua hisa za mwenye kiwanda, ananunua pia hatari iliyomo katika mwili wa mteja. Hatari hiyo haiandikwi kwenye ankara, lakini ni sehemu ya bei.

MMEA WENYE HISTORIA NDEFU

Mfano mkubwa ni efedra, kichaka kidogo ambacho Wachina hukiita ma huang. Kwa zaidi ya miaka 2,000 waganga wa China wamekitumia kutibu pumu, mafua na kifua kilichobana. Kilichemshwa pamoja na mimea mingine, akapewa mgonjwa, kwa siku chache, mganga akiwa anamtazama. Mwaka 1885 mkemia wa Kijapani Nagai Nagayoshi alifanikiwa kutenga kiini cha mmea huo, yaani efedrini, na katika miaka ya 1920 kiini hicho kikaingia katika hospitali za nchi za Magharibi kama dawa ya pumu.

Kwa hiyo hapakuwa na ubishi kama mmea huu unafanya kazi. Unafanya kazi, na hapo ndipo penye hatari. Kitu chenye nguvu ya dawa kina madhara ya dawa, hata kama kimeota porini bila mkono wa mtu.

Katika miaka ya 1990 viwanda vya Marekani viliupa mmea huo kazi mpya. Efedra ilichanganywa na kafeini, mara nyingi kafeini yenyewe ikitolewa katika mbegu za guarana au kola, halafu ikauzwa kama kirutubisho cha kuchoma mafuta mwilini na kumpa mtu nguvu za mazoezi. Dawa iliyokuwa ya mgonjwa wa kifua kwa siku chache ikawa kidonge cha mtu mzima wa afya, cha kumezwa mara kadhaa kwa siku, mwezi baada ya mwezi, bila daktari wala mganga. Wengine walikwenda mbali zaidi wakaiuza kwa vijana kama mbadala halali wa dawa za kulevya za kwenye madisko. Mwezi Aprili 1996 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ililazimika kuwaonya wananchi waziwazi wasinunue bidhaa za aina hiyo.

SHERIA ILIYOFUNGUA MLANGO

Kushamiri kwa biashara hii hakukuja kwa bahati. Tarehe 25 Oktoba 1994 Rais Bill Clinton alitia saini sheria mpya ya virutubisho, iliyopiganiwa hasa na Seneta Orrin Hatch wa Utah pamoja na Seneta Tom Harkin wa Iowa. Sheria hiyo iliviweka virutubisho na mitishamba upande wa chakula, si upande wa dawa. Mtengenezaji wa dawa hutakiwa kuthibitisha kwanza kuwa dawa yake ni salama na inatibu, ndipo aiuze. Mtengenezaji wa kirutubisho akaruhusiwa kuingia sokoni bila kibali cha namna hiyo. Kama serikali inaona bidhaa ina hatari, basi serikali ndiyo itafute ushahidi na kuithibitisha hatari hiyo.

Kwa lugha ya sokoni, mzigo wa kupima ulihamishwa kutoka kwa muuzaji kwenda kwa askari wa soko, tena baada ya mali kuuzwa. Mwaka uliofuata, 1995, kampuni ya Metabolife International ya San Diego ilianza kuuza vidonge vyake vya Metabolife 356, na baada ya miaka michache mauzo yake yalikuwa mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka.

FDA ilijaribu kuvuta kamba. Mwezi Juni 1997 ilipendekeza kuwa kipimo kimoja kisifikie miligramu 8 za viini vya efedra, jumla ya siku isifikie miligramu 24, mtumiaji asizidishe siku 7, na mchanganyiko na kafeini upigwe marufuku. Wenye viwanda walipinga, wakaguzi wa Bunge wakasema ushahidi uliotumika kuweka vipimo hivyo haukutosha, na mwaka 2000 sehemu kubwa ya mapendekezo hayo iliondolewa. Soko likachukulia kuwa hatari imepita, kumbe kilichokuwa kimepita ni mapendekezo tu.

KINACHOTOKEA MWILINI

Efedrini huuambia mwili kuwa kuna jambo la dharura. Huchochea kutolewa kwa noradrenalini, kemikali ambayo mwili huitumia wakati wa kukimbia au kupigana. Moyo huenda mbio, mishipa ya damu hubana, shinikizo la damu hupanda na joto la mwili huongezeka. Njaa hupungua, usingizi hukimbia, na mtu hujiona ana nguvu. Kafeini ikiongezwa juu yake, kila kimoja humpa mwenzake nguvu.

Kwa wengi mambo huishia kwenye kutetemeka mikono na kukosa usingizi. Kwa wachache moyo hupoteza mpigo wake, au mshipa wa ubongo hupasuka au kuziba, yaani kiharusi. Anayefanya kazi nzito au mazoezi juani yuko katika hatari zaidi, kwa sababu mwili unazalisha joto huku mishipa ya ngozi, ambayo ndiyo njia ya kulitoa, imebanwa. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo asioujua yuko katika hatari hiyo hiyo, na watu wa namna hiyo ni wengi katika foleni ya wanaotaka kupunguza unene.

Jambo jingine ni kipimo. Mmea hauna kipimo cha kiwandani. Nguvu yake hubadilika kwa aina, kwa udongo na kwa majira ya mavuno. Watafiti waliopima bidhaa 20 za efedra zilizokuwa sokoni Marekani, na kutoa matokeo yao mwaka 2000, waliona kuwa katika nusu ya bidhaa hizo kiasi kilichokuwemo kilitofautiana na lebo kwa zaidi ya asilimia 20. Bidhaa moja haikuwa na efedra kabisa. Tena kopo la chapa ile ile lililotengenezwa wiki nyingine liliweza kuwa na nguvu tofauti kabisa. Mteja aliyemeza vidonge 2 mwezi uliopita bila tatizo hakuwa na hakika kuwa vidonge 2 vya mwezi huu ni kitu kile kile. Muuzaji aliyemhakikishia hakuwa na hakika hiyo pia.

FAIDA YA KILO MOJA

Mwezi Desemba 2000 jarida la kitabibu la New England lilichapisha uchunguzi wa madaktari Christine Haller na Neal Benowitz wa California. Walipitia taarifa 140 za madhara zilizokuwa zimepelekwa FDA. Asilimia 31 ya taarifa hizo waliziona kuwa zimetokana na efedra kwa hakika au kwa uwezekano mkubwa, na asilimia 31 nyingine kuwa huenda zimetokana nayo. Kati ya kesi hizo watu 10 walikufa na 13 walibaki na ulemavu wa kudumu.

Mwaka 2003 taasisi ya RAND ilikusanya tafiti zilizokuwepo na kupima pande zote mbili za mizani. Upande wa faida, mtumiaji wa efedra alipungua kama kilo 0.9 kwa mwezi zaidi ya yule aliyepewa vidonge bandia visivyo na dawa, na hapakuwa na ushahidi wa faida ya muda mrefu. Upande wa hasara, uwezekano wa kupata matatizo ya akili, tumbo na mapigo ya moyo uliongezeka mara 2 hadi 3.

Mwaka huo huo watafiti wengine walionyesha kuwa katika mwaka 2001 bidhaa za efedra zilichangia asilimia 64 ya madhara yote ya mitishamba yaliyoripotiwa katika vituo vya sumu vya Marekani, wakati mauzo yake hayakufika hata asilimia 1 ya mauzo yote ya mitishamba nchini humo. Mfanyabiashara yeyote anaweza kuisoma hesabu hiyo bila kuwa daktari. Kama bidhaa moja kati ya mia inaleta malalamiko zaidi ya nusu ya dukani, haihitaji tume ya uchunguzi ili iondolewe kwenye rafu.

WENYE BIMA WALITANGULIA

Somo kubwa kwa wafanyabiashara ni kuwa biashara hii haikuanza kufungwa na serikali. Waliotangulia kufunga mlango ni wenye bima. Kampuni ya bima haijali kama mmea ni wa asili au wa kiwandani. Inahesabu kesi zilizofunguliwa, inahesabu fidia zilizolipwa, halafu inapandisha ada au inakataa kabisa kubeba mzigo.

Mwaka 2002 Herbalife iliamua kuondoa efedra katika bidhaa zake za Marekani, na kupanda kwa gharama za bima kulikuwa miongoni mwa sababu. Mwishoni mwa mwaka huo Twinlab, iliyokuwa na hisa katika soko la Nasdaq tangu 1996 na iliyojulikana kwa bidhaa ya Ripped Fuel, nayo ilitangaza kujitoa kwa sababu zinazofanana. Uamuzi huo ulikuja ikiwa imechelewa. Septemba 2003 kampuni hiyo, ikiwa na mzigo wa madeni na kesi, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, na mali zake zikauzwa kwa kampuni nyingine. Katika utaratibu wa kufilisika mwenye hisa ndiye husimama mwisho kabisa wa foleni, na mara nyingi akifika dirishani hukuta fedha zimekwisha.

Tarehe 17 Februari 2003 Steve Bechler, mchezaji wa besiboli wa timu ya Baltimore Orioles mwenye umri wa miaka 23, alikufa huko Florida baada ya kuzidiwa na joto mazoezini. Mganga mkuu wa uchunguzi wa vifo wa eneo hilo alisema kirutubisho chenye efedra alichokuwa akitumia kilichangia kifo hicho, pamoja na unene, shinikizo la damu na joto la siku ile. Tangu hapo mambo yalikwenda haraka. Mwezi Mei jimbo la Illinois lilipiga marufuku bidhaa hizo, na majimbo ya New York na California yakafuata. Maduka ya GNC, yaliyokuwa mlango mkubwa wa bidhaa hizo, yaliacha kuziuza katikati ya mwaka. Desemba 30 serikali ilitangaza kuwa itapiga marufuku nchi nzima, na marufuku hiyo ikaanza kazi tarehe 12 Aprili 2004. Mahakama moja ya Utah iliilegeza mwaka 2005 kwa vipimo vidogo, lakini mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikairudisha yote, na hadi leo ingalipo.

Ikumbukwe kuwa kati ya kifo hicho na kufungwa kwa soko zima ulipita muda wa miezi 14 tu. Mwenye ghala aliyekuwa ameagiza mali ya miaka 2 hakuwa na mahali pa kuipeleka.

MALALAMIKO YALIYOKAA MEZANI

Habari ya Metabolife inafaa kusomwa na kila mwekezaji. Kampuni hiyo iliieleza FDA kuwa haikuwa imepata taarifa ya madhara kutoka kwa wateja wake. Mwezi Agosti 2002, ikiwa inachunguzwa, ilikabidhi taarifa zaidi ya 13,000 zilizokuwa zimepokelewa kwa simu na barua. Nyingi zilikuwa za matatizo madogo, lakini zilikuwemo pia za kiharusi, mshtuko wa moyo, degedege na vifo.

Mwaka 2005 kampuni iliomba kinga ya mahakama ikiwa imezongwa na kesi za wateja. Mmoja wa waanzilishi wake, Michael Ellis, alikiri kosa la kuidanganya FDA na mwaka 2008 akahukumiwa kifungo cha miezi 6. Kwa miaka 10 kampuni ilikuwa imetoka sifuri hadi kileleni na kurudi sifuri. Mwaka 2006 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayomlazimisha mwenye kirutubisho kupeleka taarifa ya madhara makubwa serikalini ndani ya siku 15 za kazi.

Kilichoiangusha kampuni hiyo si kidonge peke yake. Ni kidonge pamoja na kalamu iliyoandika kuwa hakuna tatizo. Daftari la malalamiko ni mali ya biashara. Likisomwa mapema huokoa mtaji, na likifichwa hugeuka kuwa ushahidi.

JINA JIPYA, BIASHARA ILE ILE

Wapo waliodhani kuwa baada ya 2004 habari imekwisha. Nafasi ya efedra ilichukuliwa haraka na danzi, chungwa chungu ambalo watu wa Pwani wanalifahamu vizuri. Danzi likiwa tunda halina kesi na mtu. Ganda lake likikamuliwa na kupatikana sinefrini nyingi, kisha ikachanganywa na kafeini, huwa kichangamshi kingine kinachopandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu.

Baadaye ikaja kemikali inayoitwa DMAA, iliyouzwa katika bidhaa kama Jack3d na OxyElite Pro za kampuni ya USPlabs ya Texas. Lebo zilidai kuwa inatokana na ua la jeraniamu. FDA ilisema hakuna ushahidi wa kuaminika kuwa ua hilo ndilo chanzo chake, na mwaka 2012 ikatuma barua za onyo kwa makampuni kadhaa. Julai 2013 bidhaa za thamani ya kama dola milioni 8 zikateketezwa. Mwaka 2015 waendesha mashtaka walidai kuwa kampuni hiyo iliagiza kemikali za kiwandani kutoka China kwa kutumia hati za uongo na kuziuza kama mimea, na mwaka 2019 kampuni ikakiri makosa.

Hati za uongo ni jambo la kumkosesha usingizi muuzaji wa jumla. Katika biashara hii karatasi ya maabara ndiyo ngao ya pekee ya mwenye duka, na kumbe ngao yenyewe iliweza kuchapishwa na mwenye mali.

Utafiti uliotolewa mwaka 2015, uliotumia takwimu za hospitali za mwaka 2004 hadi 2013, ulikadiria kuwa virutubisho huwapeleka Wamarekani kama 23,000 katika vyumba vya dharura kila mwaka. Kati ya matukio ya moyo kwenda mbio na maumivu ya kifua, karibu asilimia 72 yalitokana na bidhaa za kupunguza unene au kuongeza nguvu, na wengi wa waathirika walikuwa vijana wa miaka 20 hadi 34. Takwimu hizo ni za miaka ambayo efedra ilikuwa tayari imeondolewa sokoni.

SOMO LA MIRAA

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki hawana haja ya kwenda mbali kuelewa jambo hili. Miraa, au mirungi kama inavyoitwa Tanzania, ina kathinoni na kathini, viini ambavyo ni ndugu wa karibu wa efedrini. Kathini hupatikana pia katika efedra kwa kiasi kidogo. Tofauti ni kuwa mlaji wa miraa hutafuna polepole kwa saa kadhaa na anajua anachotafuna. Mmeza kidonge hupokea mzigo wote kwa mkupuo mmoja, chini ya jina la Kichina au la Kilatini lililoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kopo.

Zaidi ya hapo, miraa imeonyesha jinsi soko la kichangamshi linavyofungwa. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013 na Uingereza ikafuata Juni 2014. Wakulima na wasafirishaji wa Meru waliokuwa wakipakia mabunda kwenye ndege kwenda London walipoteza soko hilo kwa amri ya serikali ya nchi nyingine. Kenya ni zao halali, Tanzania sheria inaihesabu kuwa dawa ya kulevya. Bidhaa ambayo uhalali wake unakoma mpakani haiwezi kuhesabiwa kama sukari au sabuni katika vitabu vya mtaji.

HOJA ZA WATETEZI

Watetezi wa virutubisho hivi wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Wanasema mamilioni ya watu walivitumia bila kudhurika. Wanasema kahawa nayo ni kichangamshi na hakuna anayeifunga. Wanasema pia kuwa taarifa ya madhara si uthibitisho, kwani mtu anaweza kumeza kidonge asubuhi na kupata kiharusi jioni kwa sababu nyingine kabisa.

Ni kweli kuwa wengi hawakudhurika. Lakini fidia hailipwi kwa wastani. Inalipwa kwa mtu mmoja mwenye jina, mwenye familia na mwenye wakili. Kuhusu kahawa, mnywaji anajua anakunywa kahawa, kikombe kina ukubwa wake, na tumbo humwambia atosheke. Kidonge hakina kikombe. FDA imewahi kuonya kuwa kijiko kimoja cha chai cha kafeini tupu ya unga ni sawa na vikombe kama 28 vya kahawa.

Ama kuhusu uthibitisho, hapo ndipo faida ya kilo moja inapokuwa na maana. Dawa ya saratani inaweza kuvumiliwa ikiwa na madhara makubwa kwa sababu inaokoa maisha. Kidonge kinachopunguza kilo 0.9 kwa mwezi hakina cha kuweka upande wa pili wa mizani hata kama hatari yake ni ndogo. Inafaa kukumbukwa pia kuwa marufuku ya 2004 haikuwagusa waganga wa jadi wa China wanaotumia ma huang kwa njia yao ya zamani. Kilichofungwa ni kirutubisho cha kiwandani, mmea wenyewe haukufungwa.

CHA KUANGALIA KABLA YA KULIPA

Kwa mwenye duka na muuzaji wa jumla, jambo la kwanza ni kusoma nyuma ya kopo na kuhesabu vichangamshi. Guarana, kola, yerba mate na chai ya kijani ni kafeini kwa majina manne. Ma huang na efedra ni kitu kimoja. Citrus aurantium ni danzi. Kopo linaloandika "mchanganyiko maalumu" bila kutaja kiasi cha kila kitu linamnyima muuzaji haki ya kujua anauza nini.

Pili ni kuuliza mwenye mali ana bima gani ya madhara kwa mteja, na kama bima hiyo inamfikia muuzaji wa nchi nyingine. Jibu la kigugumizi ni jibu. Wenye maduka wengi wadogo hawana bima ya namna hiyo kabisa, na mwenye duka asiye na bima ndiye kampuni ya bima ya wateja wake. Aidha, usajili wa mamlaka za nchi za dawa, chakula na viwango si karatasi ya kupamba ukuta. Mali isiyosajiliwa ikikamatwa, hasara yote ni ya aliyekutwa nayo.

Tatu ni hesabu ya ghala. Mfano rahisi: makopo 100 yaliyonunuliwa kwa shilingi 20,000 kila moja na kuuzwa kwa 30,000 huleta faida ya shilingi milioni 1. Makopo 100 mengine yakiwa bado ghalani siku bidhaa inapofungwa, hasara ni shilingi milioni 2. Faida ya shehena 2 nzima imekwenda, kabla hajatokea mgonjwa hata mmoja mlangoni.

Kwa mwekezaji, swali kuu ni sehemu gani ya mauzo inategemea kidonge kimoja. Kampuni yenye bidhaa 50 inaweza kukatwa kidole ikaishi. Iliyojengwa juu ya kichangamshi kimoja ikikatwa hapo imekatwa shingo. Ripoti ya mwaka ya kampuni iliyo katika soko la hisa huwa na sehemu ya kesi na bima. Kurasa hizo husomwa na wachache kwa sababu hazina picha, lakini kwa Twinlab na wenzake dalili zilionekana huko kabla ya kutokea kwenye bei ya hisa.

Soko la vichangamshi vya mitishamba litaendelea kuwepo, maana wanaotaka kupungua bila kufunga mdomo hawataisha. Kila miaka michache litakuja jani jipya na jina jipya. Mfanyabiashara mwenye busara hatauliza kama jani hilo ni la asili. Atauliza linaufanyia nini moyo wa mteja, nani amelipima, na nani atalipa mteja huyo akianguka. Pale ambapo swali la tatu halina jibu, jibu ni yeye mwenyewe.